Bwana Anapojifungia na Ndege za Plastiki



Mama mmoja ametuandikia barua ya kurasa nne, na yote inahusu ndege. Bwanake alifanya kazi Uingereza miaka mitatu, na aliporudi nyumbani alileta maboksi kumi na moja ya ndege za kivita za plastiki, zile za kuunganishwa kipande kwa kipande. Kila jioni baada ya chakula huikalia meza moja waliyo nayo, taa karibu na uso, wala hasemeshwi mpaka saa tano. Mwezi uliopita mama huyu alipokuwa akifagia alitupa kipande cha plastiki angavu kama ukucha wa kidole gumba. Kumbe kilikuwa kioo cha rubani! Bwana hakusema naye kwa siku mbili. "Je, nimeolewa na mtoto?" anauliza mama, ambaye sasa ana mimba ya miezi mitano.

La, mama, hukuolewa na mtoto. Lakini kabla hatujasema na baba, ni vyema ujue kilichomo ndani ya boksi lile.

Kampuni ya Airfix ilianzishwa London mwaka 1939 na Nicholas Kove, mzaliwa wa Hungaria. Haikuanza na ndege. Ilitengeneza vitu vya mpira vya kujazwa hewa, baadaye vitana vya nywele. Mwaka 1949 iliunda trekta ndogo ya plastiki aina ya Ferguson, ya kutumiwa na wauzaji wa trekta zenyewe, na baadaye ikatoa Spitfire, ndege ambayo kila Mwingereza aliijua kwa sababu ya vita vya angani vya mwaka 1940. Iliuzwa katika maduka ya Woolworths kwa shilingi mbili za Kiingereza, fedha ambazo kijana angeweza kuziweka akiba. (Akina baba wangapi walimnunulia mtoto wakabaki na brashi wao wenyewe, hilo sitalihesabu.)

Spitfire ya kweli ina upana wa futi 36 na inchi 10 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili. Katika kipimo cha 1 kwa 72, yaani inchi 1 kwa kila futi 6, inabaki inchi 6 na kidogo, na rubani ana kimo cha inchi moja hivi. Vipande vyake hutengenezwa kwa plastiki iliyoyeyushwa na kusukumwa ndani ya kalibu ya chuma, vikatoka vimeshikamana kwenye vijiti kama majani kwenye tawi. Mjenzi hukata kila kipande kwa kisu kidogo, akakisugua kwa msasa, akapaka rangi, akangoja ikauke.

Sasa sikiliza jambo hili, mama, kwa maana hapa ndipo ugomvi wenu ulipo. Kazi haianzi na mabawa. Huanza na kile chumba cha rubani: kiti, mikanda, saa za mbele yake zilizo ndogo kuliko punje ya mtama. Hiyo ni kazi ya jioni tatu au nne. Kisha nusu mbili za tumbo la ndege hufungwa pamoja, na karibu kazi yote ile haionekani tena. Wewe wapita na kikombe cha chai, waona mtu aliyekaa wiki nzima na ndege bado haina hata bawa. Yeye ajua alichokifanya, lakini hakuna shahidi.

Baba, usifunge tumbo la ndege kabla hujamwita mama watoto aangalie. Usimtolee hotuba. Mpe tu taa na nafasi. Naye akikuuliza kwa nini kiti kina rangi ile, mjibu vizuri.

Na tusiiache ile gundi. Gundi ya kazi hii huyeyusha uso wa plastiki ili vipande viwili viwe kimoja, na nyingi zina asetoni au kemikali za namna hiyo. Mvuke wake huumiza kichwa, na hushika moto upesi. Mkeo ana mimba, nanyi mnalala katika chumba kinachopakana na meza ile! Fanya kazi hiyo dirisha likiwa wazi, mbali na jiko, na mkebe ufungwe baada ya kila tone. Kama nyumba haina upepo, gundi itumike nje kwenye kibaraza mchana wa Jumamosi, jioni zibaki za msasa na brashi.

Kuhusu fedha sina mengi. Maboksi kumi na moja yatoshe kwa miaka kadhaa. La kumi na mbili liandikwe kwenye karatasi ile ile ya karo na unga, mbele ya macho ya wote wawili. Boksi lililofichwa chini ya kitanda linaleta shaka kuliko bei yake.

Mama ameuliza pia kama ni haki kuweka silaha za vita sebuleni. Marubani zaidi ya 500 wa upande wa Uingereza walikufa katika vita vile vya 1940, wengi wao vijana wa miaka ishirini na kidogo. Mtoto atakapouliza ndege ile ilifanya nini, aambiwe na hilo.

Sasa kile kioo kilichotupwa. Wajenzi huchonga kijiti cha mti kwa umbo la kioo, wakalainisha kipande cha plastiki nyembamba angavu kwa joto, wakakivuta juu ya mti kabla hakijapoa. Kikipatikana, kibandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao, kwa maana ile gundi ya kunata mara moja hufanya ukungu kwenye kioo. Mmoja ashike mti imara, mwingine avute plastiki. Mara ya kwanza kwa kawaida huharibika, basi kateni vipande vitatu vya akiba kabla ya kuanza.