Taa hafifu ya doria: ikae wapi?

SWALI: Mimi ni askari wa wanyamapori. Nataka kufunga taa hafifu kwenye bunduki ili nione njia usiku. Nichague nyekundu au nyeupe?

JIBU: Rangi ni nusu ya jambo, tena nusu ndogo. Jicho huchukua takriban dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na chembe zake zinazoona gizani haziuhisi sana mwanga mwekundu. Ndiyo maana nyekundu husifiwa. Lakini nyekundu kali yaweza kukupofusha kuliko nyeupe iliyofifishwa hadi chini ya lumeni 1. Isitoshe, mwanga mwekundu huifanya mistari myekundu ya ramani isionekane vizuri.

Linalonitia shaka ni kuifunga kwenye bunduki. Ikikaa hapo, kila utakapotaka kuona jiwe, shimo au uso wa mwenzako, mtutu utaelekea huko huko. Silaha haielekezwi kwa mtu usiyekusudia kumpiga, na taa ya njia iliyo mtutuni huivunja kanuni hiyo usiku kucha. Utasema mikono yote miwili imeshika bunduki. Kweli, basi ivae kichwani au kifuani. Wapo watakaodai kwamba bila taa ya bunduki huwezi kutambua unachokilenga. Naam, ila hiyo ni kazi nyingine, nayo hutaka mwanga mkali, si hafifu.

Kabla ya kuilipia taa yako hafifu, iwashe kwenye chumba chenye giza. Ikianza na mwanga mkali ndipo ishuke, iache dukani.