MALI BILA DAFTARI: SOMO KUHUSU USALAMA WA MZIGO WA MSAFIRI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Katika kurasa za jarida letu tumekwisha soma mengi juu ya ngeli, methali na ushairi. Mimi mara hii nimechagua somo la safari: namna ya kulinda begi ambalo msafiri hulikabidhi kaunta katika uwanja wa ndege na kulipokea tena akifika aendako.

Najua kuna mwenzangu atakayeguna na kusema, "Sisi tunaokuja shule kwa miguu, ndege yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Hebu hesabu ni nyumba ngapi hapa mtaani ambazo mama, shangazi au kaka amekwenda Saudia, Qatar au Dubai kutafuta riziki. Mtu huyo akirudi, jasho la miaka miwili huwa limo ndani ya begi moja au mawili. Na aghalabu anayemsaidia kufunga begi, kuandika lebo na kusoma fomu za Kiingereza ni mtoto wa shule wa nyumba hiyo. Basi somo hili ni letu.

1. BEGI HUPITIA WAPI?

Huwezi kulinda kitu usichojua kinapitia wapi. Ukiwa ndani ya basi la kwenda Busia, unaweza kuchungulia dirishani kila kituo uone makanga anamfungulia nani buti. Kwa ndege huwezi. Begi hupimwa uzito, hubandikwa karatasi ndefu, huteremka kwa mkanda, hupigwa picha na mashine ya eksirei, hupakiwa kwenye kigari na mwishowe kuingizwa katika tumbo la ndege. Kama ni safari ya kubadilisha ndege, tuseme Mombasa hadi Nairobi hadi Jeddah, kazi hiyo hurudiwa. Kila mahali pana mikono ya watu. Wengi wao ni waaminifu wanaofanya kazi ngumu usiku na mchana, lakini hakuna masika yasiyokuwa na mbu.

Ile karatasi ndefu si pambo. Ina herufi tatu za mji uendako: NBO ni Nairobi, MBA ni Mombasa, KIS ni Kisumu, JED ni Jeddah na DXB ni Dubai. Ina pia nambari ya tarakimu kumi. Kipande chake kidogo hupewa msafiri, na hicho ndicho stakabadhi yake. Kwa hivyo, kabla hujaondoka kaunta fanya mambo matatu. Kwanza, soma zile herufi. Zikiwa si za mji wako wa mwisho, uliza papo hapo kama utatakiwa kulichukua begi njiani. Pili, weka kile kipande pamoja na pasipoti. Tatu, hakikisha lebo zote kuukuu za safari zilizopita zimeng'olewa, maana mashine ikisoma lebo ya zamani, begi lako litakwenda mahali pengine kabisa.

2. VITU AMBAVYO HAVIFAI KUWEMO

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Watu wengi hutafuta kufuli kubwa, kumbe kinga iliyo bora ni kutokuweka cha kuibwa. Pesa, dhahabu, simu, kompyuta, vyeti, mkataba wa kazi, miwani na dawa za kila siku vikae katika mkoba wa mkononi. Hata kama hakuna mwizi, begi linaweza kuchelewa siku tatu, na mtu mwenye kisukari hawezi kuiambia sukari imsubiri.

Pawabenki na betri za akiba haziruhusiwi kabisa ndani ya begi la kukabidhi. Betri za aina hiyo zinaweza kushika moto. Moto ukizuka walipoketi abiria, wahudumu watauona na kuukabili, lakini ukizuka kule chini kwenye mizigo ni balaa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Wakati mwingine ndege hujaa, na mlangoni unaombwa utoe hata ule mkoba wa mkononi upelekwe chini. Usikubali kuutoa kabla hujachomoa dawa, pesa, hati na betri. Ndiyo maana inafaa vitu hivyo viwe katika mfuko mmoja mdogo unaochomoka mara moja.

3. KUFULI NA ZIPU

Sasa tuje kwa kufuli. Begi la zipu lina udhaifu wake: ncha ya kalamu ya wino ikisukumwa kati ya meno ya zipu, meno hayo huachana. Mwizi akimaliza kazi yake huvuta vile vishikio vya zipu kutoka upande mmoja hadi mwingine, na meno hufungana tena kana kwamba hapajatokea jambo. Mwenye begi hufika nyumbani akaona kufuli iko sawa, kumbe ndani mna pengo.

Dawa yake ni kuvifunga vishikio viwili pamoja, kisha kuvifungia kwenye mkono wa begi au pete iliyoshonewa hapo, ili visiweze kutembea. Zipu ikipasuliwa, itabaki wazi, nawe utajua mara moja. Waweza pia kuzungushia mkanda wa rangi kali au kamba yenye fundo unalolijua mwenyewe. Sanduku gumu lisilo na zipu, lile linalofungwa kwa vibanio, ni imara zaidi.

Kwa wanaokwenda Marekani, fahamuni kwamba maafisa wa usalama wa huko wana haki ya kufungua begi na kulikagua. Tangu mwaka 2003 kuna kufuli maalumu ambazo wao hufungua kwa ufunguo wao bila kuzivunja. Lakini mwaka 2015 picha za funguo hizo zilienea hadharani na watu wakatengeneza nakala. Kwa hivyo kufuli humzuia mwizi mwenye haraka tu, haimshindi aliyejiandaa.

4. DAFTARI LA MZIGO

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Chukua karatasi, andika kila kitu unachokitia begini: kanga tatu, viatu jozi mbili, shuka moja, na kadhalika. Kitu chenye thamani kiandikie bei, na risiti yake uihifadhi. Kisha piga picha begi likiwa wazi, na nyingine likiwa limefungwa. Picha moja mwachie mtu wa nyumbani.

Andika jina na nambari ya simu nje ya begi, kisha uandike tena kwenye karatasi iliyo ndani, kwa sababu lebo ya nje inaweza kukatika. Anwani kamili ya nyumbani si lazima ionekane na kila mpita njia. Ni kama kutangaza kwamba mwenye nyumba hayupo. Na kwa vile mabegi meusi ni mengi mno, funga kitambaa chekundu au ubandike alama. Si kila begi linalopotea limeibwa. Mengine huchukuliwa na mtu aliyedhani ni lake.

5. KIFURUSHI CHA MTU

Wenzangu, hapa nawaomba msome polepole. Begi lina hatari mbili: kutolewa kitu na kutiwa kitu. Hii ya pili ndiyo mbaya zaidi.

Mwaka 1985 ndege ya Air India, safari nambari 182, ililipuka juu ya bahari ya Atlantiki na watu 329 wakafa. Begi lenye bomu lilikuwa limepakiwa, lakini mwenyewe hakupanda. Mwaka 1988 ndege ya Pan Am 103 ililipuka juu ya mji wa Lockerbie, Scotland, wakafa watu 270. Bomu lilikuwa ndani ya sutikesi. Ndiyo sababu leo ukikabidhi begi kisha usionekane mlangoni, begi lako huteremshwa, hata kama ndege itachelewa.

Mwaka 2023 wanawake wawili kutoka Brazil walikamatwa walipotua Frankfurt, Ujerumani. Lebo zenye majina yao zilikuwa zimebandikwa kwenye masanduku yenye kilo 40 za kokeini. Walikaa kizuizini zaidi ya mwezi mmoja, mpaka picha za kamera za uwanja wa ndege wa huko kwao zilipoonyesha kwamba lebo zilibadilishwa na watu wengine. Je, wangefanyaje kama hapangekuwa na picha? Sasa mwaona kwa nini nimesema piga picha begi lako lilivyo, na uhifadhi kile kipande chenye nambari na uzito wa begi.

Na akija mtu, hata awe jirani, akakuambia, "Mwanangu, nibebee kifurushi hiki kidogo, nduguye fulani atakupokea kule," mjibu kwa heshima: "Niwie radhi mama, nitabeba nilichokitia mwenyewe." Asipokubali kifunguliwe mbele yako, basi hapo umepata jibu. Katika nchi kama Saudia, kusafirisha dawa za kulevya kunaweza kuleta hukumu ya kifo. Aibu ya kukataa ni ya dakika moja.

6. BEGI LISIPOFIKA

Jirani yetu mmoja alirudi kutoka Ghuba, begi lake likafika likiwa limepasuka na simu mbili hazimo. Alikuwa amechoka, watoto wanamngoja nje, akaenda zake nyumbani. Alipopeleka malalamiko baada ya wiki kadhaa aliambiwa muda umepita. Mama wa watu alilia, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna siku za kuhesabu.

Basi na tuzihesabu. Kuna Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake. Kwa safari za kimataifa zinazohusika na mkataba huo, begi likiharibika, lalamiko la maandishi lipelekwe kwa kampuni ya ndege katika siku 7 tangu kulipokea. Begi likichelewa, ni siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Lisipofika kabisa katika siku 21, lahesabiwa limepotea. Kesi mahakamani ina muda wa miaka miwili. Fidia ina kikomo: tangu mwisho wa mwaka 2024 ni takriban dola 2,000 za Marekani kwa abiria, na hulipwa kadiri ya hasara unayoweza kuithibitisha. Hapo ndipo lile daftari na zile risiti zinaposema kwa niaba yako.

Kwa hivyo usitoke nje ya ukumbi wa mizigo kabla ya kulikagua begi. Likiwa na kasoro, nenda kwenye dawati la mizigo, jaza fomu, na uondoke na nakala yenye nambari.

7. NENO KUHUSU MELI

Meli za watalii zitiazo nanga Kilindini zina desturi yake. Msafiri hubandika lebo yenye nambari ya chumba, na usiku wa mwisho huacha begi nje ya mlango wake ili lichukuliwe na kuteremshwa asubuhi. Begi linaweza kukaa ushorobani saa kadhaa, kwa hivyo sheria ni zile zile: dawa, hati na pesa zibaki nawe, pamoja na nguo za asubuhi. Kuna watu waliopakia kila kitu wakabaki na nguo za kulalia!

MSAMIATI

Kukabidhi mzigo: kuutoa uwekwe chini ya dhamana ya mwingine.
Stakabadhi: hati ya kuthibitisha kupokewa kwa kitu.
Ushoroba: njia nyembamba kati ya vyumba.
Fidia: malipo ya hasara.

MASWALI YA MARUDIO

1. Kwa nini haitoshi kuvifunga pamoja vishikio viwili vya zipu?
2. Taja vitu vinne vinavyofaa kubaki katika mkoba wa mkononi, na sababu ya kila kimoja.
3. Begi la Halima limefika Jumatatu likiwa limevunjika. Je, siku ya mwisho ya kulalamika ni lini?
4. Tungeni mazungumzo kati ya msafiri na jirani anayetaka kubebewa kifurushi.

Mwenzangu, siku mtu wa kwenu atakapofunga safari, usikae pembeni ukimtazama. Kaa naye sakafuni, shika kalamu, uandike kimoja kimoja. Safari njema kwao waendao, na heri kwao wawangojao. Wasalaam.