Kufundisha Ubadilishaji wa Pedali za Baiskeli

Kubadilisha pedali za baiskeli ni kazi ifaayo sana kufundishwa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Huhitaji spana moja, ambayo kwa kawaida ni ya milimita 15, girisi kidogo na baiskeli yenyewe; na mtoto aliyeielewa huweza kuifanya nyumbani kwao jioni ile ile. Lakini ndani yake mna mtego, nao humnasa mwalimu kabla ya mwanafunzi.

Niliuona mtego huo nilipokuwa nikikagua mazoezi ya kufundisha. Mwalimu mwanafunzi mmoja aliazima baiskeli ya mzazi aliyekuwa akipeleka maziwa mjini kila alfajiri. Andalio lake la somo lilikuwa safi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimelitia sahihi. Hatua ya tatu ilisema kwamba wanafunzi wafungue pedali kwa kuzungusha spana kinyume cha mishale ya saa. Pedali ya kulia ikafunguka. Ya kushoto ikazidi kukaza. Vijana wawili, kwa kuliamini andalio, wakachomeka kipande cha bomba kwenye spana ili wapate nguvu zaidi, na hesi za mkono wa pedali zikakwanguka. Mwenye baiskeli alitembea kwa miguu siku nne na madumu yake mpaka mkono mwingine ulipopatikana. Vijana hawakuwa na kosa lolote.

Pedali ya kulia, yaani upande wa mnyororo, ina hesi za kawaida. Ya kushoto ina hesi zilizogeuzwa, hivyo hufungwa kwa kuzungushwa kinyume cha mishale ya saa. Sababu yake yaweza kuonyeshwa kwa kikombe na kalamu ya risasi. Simamisha kalamu ndani ya kikombe, uiviringishe ikiambaa ukuta wa ndani kwa kufuata mishale ya saa. Kalamu yenyewe itajizungusha kinyume. Ndivyo ilivyo kwa ekseli ya pedali: uzito wa mguu hukandamiza chini daima huku tundu la mkono likizunguka, nayo ekseli huviringika kidogo kidogo ndani ya tundu hilo. Kama hesi za kushoto zingekuwa za kawaida, pedali ingejifungua yenyewe njiani. Darasa la tano waone tu jambo hilo. Maelezo yake yawasubiri wakubwa zaidi.

Basi somo lisianze na spana. Lianze na pedali mbili mpya mezani. Wape wanafunzi wazishike ekseli zikiwa wima, kisha uwaulize: mistari ya hesi inapanda kuelekea upande gani? Kwenye pedali moja watasema inapanda kulia, kwenye nyingine kushoto. Waichore ubaoni. Hapo ndipo uwaonyeshe herufi zilizogongwa kwenye pedali nyingi, R kwa kulia na L kwa kushoto, ukikumbuka kwamba herufi hizo zatokana na Kiingereza na hazimwambii mtoto lolote asipoelezwa. Nimeona walimu wakianza na herufi. Darasa likakariri, na pedali ilipokuwa imeshika kutu na herufi zimefutika, hakuna aliyejua la kufanya.

Wakisha kuona tofauti, waongoze watafute kanuni moja ya pande zote mbili. Spana ikiwa imesimama juu ya ekseli, kuivuta kuelekea gurudumu la nyuma hufungua; kuisukuma kuelekea gurudumu la mbele hufunga. Waiseme wao kwanza.

Kazi yenyewe ni fupi. Pedali iliyoganda itiwe mafuta tangu jana yake. Meno ya gia kubwa yafunikwe kwa kipande cha gunia, kwa maana spana ikiteleza vidole huishia hapo. Mwanafunzi mmoja aushike mkono wa pedali usizunguke, mwingine avute spana. Tundu lisafishwe, hesi mpya zipakwe girisi.

Katika kufunga, msiwe na haraka. Pedali mpya ianze kuingizwa kwa vidole peke yake, mizunguko kadhaa, bila spana. Ikikataa, itolewe, maana imeingia kombo au si ya upande huo, na kuilazimisha ndiko kulikoharibu mkono wa yule mzazi. Wenye darasa la wanafunzi 60 na baiskeli moja wasione hatua hii kuwa ya kupoteza muda. Kila kikundi kiipate, hata kama ukazaji wa mwisho kwa spana utafanywa na wawili tu.

Kisha mwalimu aiendeshe baiskeli kuzunguka uwanja, akaze tena pedali zote mbili, ndipo airudishe kwa mwenyewe.