Msukosuko Katika Nyota za Moto Mkali

Katika kundi la nyota la Orioni iko nyota iitwayo Rigel. Jina hilo latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mguu. Uso wake una joto la digrii 12,000 hivi, hali uso wa Jua letu una 5,500 tu. Kwa macho yaonekana imetulia kama taa isiyoguswa na upepo. Je, kweli imetulia?

Nuru ya nyota ikichambuliwa kwa chombo, rangi zake huonekana zimekatwa na mistari ya giza. Gesi inayotujia huusogeza mstari upande wa buluu. Inayokwenda mbali nasi huusogeza upande wa nyekundu. Mienendo yote miwili ikiwapo pamoja, mstari hutanuka.

Wataalamu walipoona mistari ya nyota kubwa za moto imetanuka, walisema: Nyota hizi zajizungusha kwa kasi. Neno hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa kweli yote. Mwaka 1977 Peter Conti na Dennis Ebbets walionyesha kwamba, kama sababu ingekuwa mzunguko peke yake, zingepatikana nyota kadha zenye mistari myembamba, kwani nyingine zingekuwa zimetuelekezea ncha zao. Lakini miongoni mwa zile kubwa mno hazikupatikana. Basi iko sababu ya pili: gesi yenyewe yachafuka, kwa kasi ya makumi ya kilometa kila sekunde.

Chanzo chake ni nini? Wako wasemao kwamba chini kidogo ya uso, penye joto la digrii 150,000 hivi, chuma huizuia nuru isipite, na gesi hutokota kama maji chunguni. Wengine wasema ni mawimbi yatokayo ndani kabisa. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba nuru ya nyota kama hizo zaidi ya 160 hutikisika daima. Lakini hata ushahidi huo haujamaliza mabishano.

Jambo hili si dogo. Mzunguko huchanganya vitu ndani ya nyota na kubadili maisha yake, na nyota kubwa ndizo zilizotengeneza sehemu kubwa ya oksijeni tunayoivuta. Apimaye mzunguko bila kuutenga msukosuko hupata hesabu iliyozidi. Alama ilikuwa moja. Sababu zilikuwa mbili. Mwenye kutafuta ukweli asitosheke na sababu ya kwanza impendezayo.