Tone la Anti-D na Usalama wa Mtoto wa Pili

Mama mjamzito anapofika kliniki kwa mara ya kwanza, iwe Lodwar au Kakuma, hutolewa damu kidogo kwa ajili ya vipimo kadhaa. Jibu la kipimo kimoja huwa fupi sana katika kijitabu cha mama na mtoto: herufi ya kundi la damu, kisha alama ya kujumlisha au ya kutoa. Herufi hizo wengi wetu tunazijua: A, B, AB na O. Somo la toleo hili linahusu ile alama inayofuata, ambayo wengi huipita bila kuuliza.

Alama hiyo inaeleza kama seli nyekundu za damu yako zina protini iitwayo D. Ukiwa nayo, wewe ni Rh chanya (+). Usipokuwa nayo, wewe ni Rh hasi (−). Kuikosa si ugonjwa, na mtu anaweza kuishi hadi uzeeni bila kujua. Barani Afrika wenye Rh hasi ni wachache, takriban 5 katika kila watu 100. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, idadi hiyo hufika kama 15.

Protini hii haionekani kwa darubini ya kawaida, kwa hiyo mtaalamu wa maabara huitafuta kwa kutumia kingamwili. Kingamwili ni protini ambayo mwili hutengeneza ili kukabiliana na kitu kigeni, na kila aina hushika kitu chake tu. Ile inayoshika protini D huitwa anti-D. Huwekwa kwenye kichupa kidogo kando ya anti-A ya rangi ya buluu na anti-B ya manjano, ila yenyewe haina rangi. Tone lake huchanganywa na tone la damu. Kama protini D ipo, seli hushikamana na damu hukatika vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika. Kama haipo, damu hubaki laini. Kazi yote huchukua dakika chache.

Zamani anti-D ya maabara ilitoka kwenye damu ya watu ambao miili yao ilikwisha kuitengeneza, wakiwemo akina mama waliokuwa wamepata tatizo tutakalolieleza hapa chini. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, Uingereza, walibuni njia ya kukuza seli zinazotoa kingamwili ya aina moja tu bila kikomo. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1984, na anti-D nyingi za maabara leo hutengenezwa kwa seli zinazokuzwa hivyo.

Joto letu ni adui wa kichupa hicho. Kinatakiwa kukaa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, huku Lodwar jua la mchana likipitisha 35 bila shida. Kingamwili ikiharibika haishiki tena, na mtu mwenye Rh chanya anaweza kuandikwa hasi. Ndiyo sababu mtaalamu huijaribu kwanza kwa damu ambayo kundi lake linajulikana. Ukimwona asubuhi yuko na vichupa vyake kabla ya kuanza kuita majina, mvumilie.

Sasa tuje kwa mtoto. Mama akiwa Rh hasi na baba akiwa Rh chanya, mtoto anaweza kurithi protini D ya baba. Wakati wa kujifungua, damu kidogo ya mtoto huingia kwa mama. Mwili wa mama huiona ngeni na kuanza kutengeneza anti-D yake wenyewe. Mara nyingi mtoto wa kwanza huwa amekwisha kuzaliwa salama. Lakini mimba inayofuata ikiwa ya mtoto mwenye Rh chanya, kingamwili hizo hupita kwenye kondo la nyuma na kuvunja seli nyekundu zake. Mtoto huzaliwa na upungufu wa damu na umanjano mkali, au hufia tumboni. Familia isiyojua sababu hutafuta wa kulaumiwa, na ni rahisi lawama imwangukie mama.

Tangu mwaka 1968 kuna sindano ya kuzuia hali hii, na dawa iliyomo ni anti-D yenyewe, iliyotolewa kwenye damu ya wachangiaji. Huondoa seli za mtoto kabla mwili wa mama haujajifunza kuzipiga vita. Inapaswa kutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye Rh chanya. Huhitajika pia mimba ikiharibika, mama akivuja damu akiwa mjamzito au akipigwa na kitu tumboni. Mahali pengi huongezwa nyingine karibu na wiki ya 28. Mama ambaye mwili wake umekwisha kutengeneza kingamwili hizo haitamsaidia. Yeye huhitaji mimba yake ifuatiliwe kwa karibu na daktari.

Saa 72 ni siku 3 tu. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120, na aliyejifungulia malishoni huenda ana mwendo mrefu kabla hata ya kufika barabarani. Kwa hiyo mwenye alama ya kutoa kwenye kijitabu aulize mapema, mimba ikiwa changa, sindano hiyo inapatikana kituo gani, na apange kujifungulia huko. Baba naye apimwe. Akiwa Rh hasi, mtoto wao pia atakuwa hasi na hakutakuwa na hatari hii. Mtoto akizaliwa, damu ya kitovu chake hupimwa kwa tone lile lile la anti-D, na likionyesha kuwa yeye pia ni Rh hasi, mama hahitaji sindano. Boma likihama, kijitabu kifungwe kwenye mfuko wa plastiki na kisafiri na mama mwenyewe.