VIATU VYA WATOTO WA SHULE: NAMNA YA KUVITOA

Tangu Januari 2016 mtoto wa Tanzania hadaiwi ada wala michango ya lazima katika shule ya msingi ya Serikali. Waraka uliotolewa mwishoni mwa mwaka 2015 uliwatua wazazi mzigo huo, ila sare, madaftari na kalamu vilibaki juu yao. Na viatu vimo ndani ya sare. Kwa mtu wa mshahara hilo ni jambo dogo. Lakini mkulima wa Murungu, huko Kibondo, hupata fedha wakati wa mavuno, na shule hufunguliwa Januari, mvua zikiwa bado zanyesha na mahindi yangali mabichi shambani. Mwenye watoto wanne wa kuvisha atafanyaje? Humnunulia mmoja, nao watatu huenda peku juu ya udongo ule mwekundu.

Yafaa basi kuwasifu Wakristo wanaofikiri kukusanya viatu vipya kwa ajili ya watoto hao. Lakini kutoa nako kuna elimu yake, nasi twapenda kuieleza kidogo.

Kwanza ijulikane kwamba kiatu si pambo la mguu. Minyoo ya safura haimngojei mtu mezani. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi, huanguliwa katika udongo wenye unyevu na kivuli, kisha viluwiluwi vyake hutoboa ngozi ya mguu mtupu, huingia katika damu, hupita mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na mwisho hukaa tumboni na kunyonya damu. Mtoto wa namna hiyo husinzia darasani, na mwalimu humwita mvivu. Huko Marekani ya Kusini-Mashariki ugonjwa huu ulienea sana hata mwaka 1909 tajiri John D. Rockefeller alitoa dola milioni moja ili upigwe vita. Dawa ilitolewa, na watu walifundishwa kujenga vyoo na kuvaa viatu. Tazameni kwamba vyote vitatu vilikwenda pamoja. Mwenye kuleta viatu katika shule isiyo na choo amefanya theluthi ya kazi.

Kuna na funza. Mdudu huyu si wa kwetu; alivuka bahari kutoka Amerika, akashuka pwani ya Angola mwaka 1872, na kabla karne ile haijaisha alikwisha kulivuka bara hili zima. Huyu naye huzuiwa na kiatu, lakini huishi pia katika vumbi la sakafu, ambapo hakuna mtoto alalaye na viatu. Sakafu iliyosiriwa vizuri na kumwagiwa maji husaidia.

Sasa tuseme juu ya makosa ya watoaji. Mwaka 2006 ilianzishwa huko Marekani kampuni iitwayo TOMS, iliyoahidi kutoa jozi moja kwa mtoto maskini kwa kila jozi iliyouzwa. Mamilioni ya viatu yaligawiwa. Baadaye wataalamu walikwenda El Salvador kupima matokeo. Watoto walivipenda viatu na kuvivaa, lakini afya yao na mahudhurio yao shuleni hayakubadilika sana, maana wengi walikuwa na viatu vingine tangu mwanzo. Na zaidi ya hayo, miongoni mwa waliopewa waliongezeka wenye kusema kwamba mahitaji ya jamaa yao yapaswa kutimizwa na watu wengine. Neno hili lataka kufikiriwa sana. Asiye na kiatu kabisa ndiye apewe, wala si kila mtoto aliyepanga mstari. Na mzazi awe na fungu lake, hata likiwa kilo chache za maharage.

Kosa la pili ni la kipimo. Mwaka 2007 Mmarekani Kenton Lee alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya yatima Nairobi, akamwona msichana ambaye viatu vyake vilikatwa mbele ili vidole vipate pa kutokea. Kutokana na hayo alibuni kandambili zenye vifungo vya kurefushwa kadiri mguu unavyokua. Sisi tusio na ufundi huo tunayo hesabu: namba moja ya kiatu katika vipimo vya Ulaya ni theluthi mbili za sentimita tu, na mguu wa mtoto wa shule ya msingi waweza kuipita katika mwaka mmoja. Kwa hiyo anayenunua kwa kukisia umri ananunua hasara. Mtoto asimame juu ya karatasi, mguu uchorwe kwa kalamu, miguu yote miwili, kwa kuwa mara nyingi mmoja humzidi mwenziwe; kisha iachwe nafasi ya upana wa kidole mbele. Na upimaji ufanywe jioni, mguu ukiwa umetanuka kwa kazi ya mchana.

Viatu vya mitumba hatuvisifu kwa watoto, maana soli yake imekwisha kufuata mguu wa mwenye nacho wa kwanza. Katambuga za mpira wa gari ni imara kuliko viatu vingi vya dukani, na aliyezishona apewe heshima yake. Kasoro yao ni kuacha vidole wazi. Lakini kwa nini mchango wa Dar es Salaam ununue viatu Dar es Salaam? Wapo mafundi na wauzaji Kasulu na Kibondo. Fedha ikipelekwa kwao, kiatu kikiachia mwezi wa Machi, yupo wa kukishona.

Kugawa nako kufanywe kwa staha. Tumechoka kuona picha za watoto walioinua viatu vyao mbele ya wageni. Mzazi aitwe, akabidhiwe, amvishe mwanawe nyumbani. Mtoto aje shuleni Jumatatu kama wenzake, wala pasiwe na ajuaye vimetoka wapi.

Wanaotaka kuwavisha watoto Januari wachore miguu yao mwezi wa Novemba, shule zingali wazi na walimu wapo, ili fundi naye apate majuma ya kutosha.