Chopin kwa Kinanda cha Kwaya

Mpiga kinanda wa kwaya wa Kasuku au Alunguli akitaka kumjua Chopin, mara nyingi hubisha mlango usio wake. Huanza na valsi aliyoisikia kwenye simu, vidole vikagoma ukurasa wa kwanza, akaona muziki ule ni wa waliozaliwa na piano sebuleni. Wewe ingilia kwenye akordi. Hizo unazipiga kila Jumapili.

Anza na preludi namba 20, katika mkusanyiko wa preludi 24 uliochapishwa 1839. Ina vipimo 13 tu, vya akordi nzito zinazotembea polepole kama msafara wa maziko. Noti zake hupatikana bure kwenye intaneti. Kabla ya kugusa chochote zima midundo ya kinanda na uirudishe transpozi kwenye sifuri. Najua hutuokoa mwimbishaji anapopandisha wimbo ghafla, lakini hapa itakupoteza.

Vipimo 4 vya kwanza ni vya nguvu, 4 vinavyofuata vya upole, vingine 4 vya upole zaidi, kisha akordi ya kufunga. Kinanda chako kama hakitambui uzito wa kidole, punguza sauti kwa mkono baada ya kila fungu. Mwalimu wa piano angekunja uso, lakini sikio litapata lililokusudiwa. Funguo za besi zikiisha, acha noti ya chini ya oktava, piga ya juu peke yake.

Kisha nenda namba 4, ya mi minori. Hapa ndipo mapenzi huanzia, na huanzia mkono wa kushoto. Wa kulia kwa muda mrefu unabaki kwenye si na do, kama mtu asiyejua aseme nini. Uache kwanza. Akordi za kushoto zimeandikwa kwa kurudiwarudiwa. Wewe usizirudie bado. Ishike kila moja mpaka uisikie yote, kama unavyowashikia waimbaji sauti kabla hawajaingia. Ya kwanza ni sol, si, mi. Hamia inayofuata, ujiulize: kidole kipi kimeondoka? Mara nyingi ni kimoja, nacho kimeshuka nusu hatua, wenzake wamebaki palepale. Hata hivyo huzuni si ile ya awali. Imba sauti iliyoshuka. Rudi, uimbe ya besi. Ukishaweza kuimba zote tatu, ndipo urudishe mapigo, kwa upole, na mkono wa kulia juu yake.

Umeme ukikatika, fanya zoezi hilohilo mezani: vidole juu ya mbao, ukitaja kwa sauti noti inayohama. Usiku wa giza hufundisha haya vizuri kuliko jenereta inayonguruma dirishani.

Pengine mzee wa kanisa atakuuliza hayo yanahusiana vipi na kinanda cha ibada. Mwambie kwamba tarehe 30 Oktoba 1849, kwenye kanisa la Madeleine mjini Paris, preludi hii ya namba 4 na ile ya namba 6 zilipigwa kwa ogani katika maziko ya Chopin mwenyewe.

Hiyo namba 6 ndiyo ifuate. Safari hii melodi iko kushoto, na mkono wa kulia ndio unaosindikiza kwa akordi. Omba ufunguo wa kanisa siku isiyo na mazoezi ya kwaya, uipige melodi ya kushoto peke yake mpaka uijue bila karatasi.